Ritifaa: Alama Moja, Kazi Tatu

Jiji la Dodoma lina kata iitwayo Chang'ombe na nyingine iitwayo Ng'hong'onha. Lina pia chuo kikuu cha Kanisa Anglikana, St John's, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika majengo ya iliyokuwa Shule ya Sekondari Mazengo. Majina yote matatu yamebeba alama ileile: kimstari kidogo kinachoning'inia juu, kati ya herufi na herufi. Walimu wa Kiswahili hukiita ritifaa. Wateja wangu wengi hukiita koma ya juu.

Mimi ni mchapaji. Nina fremu ya steshenari Majengo, jirani na soko, na kazi zangu ni zile anazozijua kila mwenye steshenari: barua za maombi ya kazi, wasifu, kadi za harusi, mihuri, tisheti, mabango ya maduka. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, mji ulianza kupanuka kwa kasi, na kila biashara mpya ilitaka bango. Nyingi zinataka jina la Kiingereza. Hapo ndipo koma ya juu inapoanza kusumbua: wengine wanaiweka kila penye s, wengine wanaiogopa na kuiacha kabisa, wengine wananiambia, “Weka unapoona panapendeza.”

Nimefikia imani moja kuhusu jambo hili. Watu hawakosei kwa sababu hawajui Kiingereza. Wanakosea kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba alama hii ina kazi tatu tofauti, na kwamba mbili kati ya hizo tunazo hata sisi kwenye Kiswahili. Ukishajua ni kazi gani inafanyika mbele yako, mkono unaandika wenyewe.

Kazi ya kwanza: kuonyesha sauti

Tuanzie nyumbani. Tamka ngoma, ngazi, ngome. Kisha tamka ng'ombe, ng'oa, ng'ara. Katika kundi la kwanza g inasikika wazi. Katika kundi la pili g haipo, sauti yote inapitia puani. Hizo ni sauti mbili, na alfabeti ya Kilatini tunayoitumia haikutupa herufi ya ile ya pili. Waganda walitatua tatizo hilo kwa kutumia herufi ya pekee, ŋ. Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, kinatumia n, g na ritifaa.

Huku kwetu uwanda wa kati alama hii ina kazi zaidi, kwa sababu Chigogo kina ng' ya kawaida na kina pia ng' inayotoka na pumzi, ambayo huandikwa ng'h. Litazame jina Ng'hong'onha kwa makini. Linaanza na ng' yenye pumzi, linapita kwenye ng' ya kawaida, linamalizikia kwenye n yenye pumzi. Mwandishi akiondoa ritifaa mbili zilizomo, mgeni aliyeshuka leo kwenye treni atalisoma kwa g ya ngoma, na mwenyeji atashindwa kujua anaulizwa wapi. Chang'ombe nayo ikiandikwa Changombe inapata g ambayo wakazi wake hawajawahi kuitamka.

Majirani wetu nao wana mifano. Kaunti ya Murang'a nchini Kenya inaandikwa hivyo kwa sababu hiyohiyo. Mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 2014, amelifikisha jina lake la Kijaluo Hollywood likiwa na ritifaa yake. Kwa hiyo anayedai kwamba koma ya juu ni mambo ya Kizungu hajaangalia majina ya kwao.

Kazi ya pili: kushika nafasi ya herufi iliyoachwa

Washairi wa Kiswahili huandika n'tafika badala ya nitafika ili mizani isizidi. I imeondoka, ritifaa imeketi palepale ilipokuwa. Kiingereza kinafanya hivyo kila siku. “Do not” inakuwa “don't”: o ya “not” imeondoka, na alama inakaa kati ya n na t. Ukiandika “do'nt” umeiweka mahali ambapo hakuna herufi iliyoondoka. “I am” inakuwa “I'm”, “they are” inakuwa “they're”, “cannot” inakuwa “can't”. Hata “o'clock” tuliyomezeshwa tangu shule ya msingi ni ufupisho wa maneno matatu, “of the clock”. “Won't” ndiyo inayowashangaza wengi, maana haifanani na “will not”. Sababu yake ni kwamba zamani Waingereza walikuwa na umbo jingine la “will”, lenye o, na ufupisho ulitokana na umbo hilo.

Kipimo cha kazi hii ni rahisi: fungua neno. Ukiona “it's”, lisome “it is” au “it has”. Sentensi ikikubali, ritifaa ni halali. Ikikataa, iondoe. “It's raining” inafunguka: inanyesha. “The school and it's teachers” haifunguki, kwa sababu huwezi kusema “the school and it is teachers”. Hapo panatakiwa “its”, bila alama. Kipimo hikihiki kinatenganisha “you're” na “your”, “they're” na “their”, “who's” na “whose”.

Wengi huniuliza kwa nini “its” haina alama ilhali inaonyesha umiliki. Jibu ni kwamba iko ukoo mmoja na “his”, “hers”, “ours”, “yours” na “theirs”. Maneno haya yana umiliki ndani yake tayari, hayahitaji kuongezewa kitu. Sisi nasi tunasema mwanangu, mkewe, nduguyo, na hatuweki alama yoyote.

Sasa niseme juu ya barua za kazi, kwa sababu hapo ndipo kosa dogo linaweza kumwacha kijana nje. Barua nyingi zinazoletwa kwangu kuchapwa zina makosa matatu yanayojirudia. La kwanza ni “I'am”. Huo ni ufupisho uliofupishwa nusu: chagua “I'm” au “I am”. La pili ni kuanza sentensi na “Am”, kama “Am writing to apply”. Linatokana na masikio. Mtu amesikia “I'm”, akadhani ni neno moja, akaliandika alivyolisikia, na mtenda, “I”, akapotea. La tatu liko mwishoni kabisa, juu ya sahihi: “Your's faithfully”. “Yours” ni wa ule ukoo wa “its”, hauvai ritifaa hata siku moja.

Na kwa barua rasmi kuna kanuni nyepesi zaidi. Acha vifupisho vyote. Andika “I am”, “do not”, “I would”. Vifupisho ni lugha ya mazungumzo, na ofisi inayopokea maombi inatarajia maneno kamili. Ukifanya hivyo umekwepa nusu ya makosa ya ritifaa kabla hujaanza.

Kazi ya tatu: kumtaja mwenye mali

Hii ndiyo kazi ambayo Kiswahili hakina, na ndiyo inayotusumbua kuliko zote. Sisi tunasema duka la Amina, nyumba ya Amina, kitabu cha Amina. Kiungo kinafuata kile kinachomilikiwa: duka linataka la, kitabu kinataka cha. Mwenye mali anakuja mwisho, na jina lake haliguswi. Mwingereza anapindua mpangilio wote. Anamtaja mwenye mali kwanza, na alama anaibandika kwake yeye: “Amina's shop”, “Amina's house”, “Amina's book”. Hajali kinachomilikiwa ni kimoja au ni vingi. Anajali mwenyewe ni nani.

Alama hiyo imetoka mbali. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Waingereza walionyesha umiliki kwa kubadili mwisho wa neno. Mfalme alikuwa “cyning”, na kitu cha mfalme kilikuwa “cyninges”. Kadiri karne zilivyopita e ya mwishoni ikafifia katika matamshi. Ritifaa iliingia Uingereza katika karne ya 16 kutoka kwa wapiga chapa wa Ulaya bara, kwanza kwa ajili ya herufi zilizoachwa, na baadaye ikatumika pia hapa, mahali pa ile e iliyopotea. Matumizi ya s ikitanguliwa au ikifuatwa na alama yalikuja kutulia baadaye sana, kuanzia karne ya 18. Kwa hiyo kazi ya tatu ni mtoto wa kazi ya pili. Babu zetu waliikuta alama hiyo imeshakomaa: jeshi la Waingereza lililoundwa mwaka 1902, ambalo vijana wengi wa Tanganyika walilitumikia na ambalo wazee waliliita Keya, jina lake kamili lilikuwa King's African Rifles. Bunduki za mfalme mmoja, na ritifaa iko baada ya “King”.

Nikiwa dukani, sipendi kumrekebishia mteja bango lake kimyakimya. Napenda aondoke anajua. Alikuja dada mmoja anayefungua saluni, akanipa karatasi imeandikwa LADIE'S SALON kwa kalamu ya wino.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Hii saluni ni ya nani?”

“Ni yangu, mama.”

“Najua ni yako. Lakini hapa umeandika inahudumia akina nani?”

“Wanawake.”

“Mmoja au wengi?”

“Wengi.”

Nikampa penseli. “Basi waandike hao wanawake wengi kwa Kiingereza, uwamalize, usiguse koma.”

Akaandika LADIES.

“Wameisha?”

“Wameisha.”

“Sasa weka alama yako.”

Akaiweka baada ya S ya mwisho: LADIES' SALON. Akaitazama kidogo, kisha akauliza kama haipaswi kuongeza s nyingine. Nikamweleza kwamba s ya wingi iko pale tayari, na Kiingereza hakidai ya pili. Jambo la maana ni kwamba mwenye mali aandikwe akamilike kwanza, halafu ritifaa ifuate. “Ladie” si mtu, ndiyo maana alama haiwezi kumfuata.

Hiyo ndiyo kanuni nzima, na inatosha. Mwandike mwenye mali kikamilifu. Weka ritifaa. Kama jina lake halikuishia na s ya wingi, ongeza s.

Ijaribu kwa mifano ya huku kwetu. Msalato ni shule ya wasichana. Wasichana ni “girls”, wameisha, weka alama: Girls' Secondary School. Mpwapwa kuna chuo cha ualimu. Walimu ni “teachers”, kwa hiyo Teachers' College. Saluni ya wanaume je? Wanaume ni “men”. Neno limekamilika bila s, kwa hiyo weka alama kisha s: MEN'S SALON. Mabango yanayosema MENS' SALON yameandika kwanza watu ambao hawapo, maana Kiingereza hakina neno “mens”. Watoto ni “children”, na ndiyo maana jina kamili la UNICEF lina “Children's”, alama ikitangulia s.

Majina ya watu yanayoishia na s, kama Moses au Agnes, yana njia mbili zinazokubalika: “Agnes's” na “Agnes'”. Chagua moja na uishike tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Muda nao Kiingereza huupa umiliki, na watumishi wa umma wanalihitaji jambo hili kwenye barua zao. Likizo ya wiki moja ni “one week's leave”. Ya wiki mbili ni “two weeks' leave”. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28, na hiyo kwa Kiingereza ni “28 days' leave”. Kwenye wasifu, uzoefu wa miaka mitatu ni “three years' experience”. Kipimo chake ni chetu wenyewe: ukiweza kusema uzoefu wa miaka, likizo ya siku, basi kuna mwenye mali.

Kipimo hichohicho kinakuonyesha mahali ambapo ritifaa haina kazi. PASSPORT SIZE PHOTO'S, SODA'S, SHOE'S. Jiulize: picha hizo zinamiliki nini? Soda zinamiliki nini? Hakuna. Ni wingi mtupu, na wingi wa Kiingereza unatosheka na s peke yake: PHOTOS, SODAS, SHOES. Kama ningeweza kuondoa kosa moja tu kwenye mabango ya mji huu, ningeondoa hili, kwa sababu kulirekebisha hakumgharimu mtu kitu. Ni kupunguza, si kuongeza.

Sasa unganisha yote. Tuseme unaandika kwa Kiingereza kuhusu barabara ya Ng'hong'onha na unataka kumtaja mwenye mali kwanza: “Ng'hong'onha's road”. Neno moja, ritifaa tatu. Mbili za mwanzo ni za Wagogo na zinaonyesha sauti. Ya tatu ni ya Waingereza na inaonyesha umiliki. Mwanafunzi anayeweza kunieleza kila moja inafanya nini hapo, huyo sina la kumfundisha tena.

Wenyewe Waingereza nao

Mjadala huu hauko kwetu tu. Mwaka 2001 mwandishi wa habari mstaafu wa Uingereza, John Richards, alianzisha chama cha kuitetea ritifaa. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 96, alitangaza kukifunga, akisema uzembe umeshinda, lakini wengine wakakiendeleza. Halmashauri ya jiji la Birmingham iliamua mwaka 2009 kuacha kuweka ritifaa kwenye vibao vya mitaa. Duka kubwa la vitabu la Waterstone's likawa Waterstones mwaka 2012. Marekani, bodi ya serikali inayoshughulikia majina ya mahali, iliyoundwa mwaka 1890, imekuwa ikizizuia karibu zote, na kisiwa cha Martha's Vineyard ni kati ya sehemu chache zilizoruhusiwa kubaki nayo.

Funzo ninalolichukua hapo ni la heshima. Jina la taasisi liandikwe kama taasisi yenyewe ilivyoliandikisha. Benki ya Barclays haikuwa na ritifaa, usiiongezee. St John's inayo, usiipunguzie, ingawa kwenye jina la tovuti yake haiwezi kuonekana, kwa sababu majina hayo yanakubali herufi, tarakimu, kistari na nukta tu.

Jina la mtu halipaswi kukatwa

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma kuliko mabango. Kuna watu ambao ritifaa iko ndani ya majina yao ya ukoo: Wasukuma wenye majina yanayoanza na Ng'w, Wagogo, Wajaluo, na wengine wengi. Kijana mmoja alifika kwangu na nyaraka zake. Cheti cha kuzaliwa kina Ng'. Cheti cha kidato cha nne kina Ng bila alama. Kwenye karatasi ya tatu aliyechapa alibonyeza kitufe cha pembeni, ile alama inayoinamia upande mwingine, ikawa Ng`. Mfumo wa kompyuta aliokuwa anaombea nafasi ukamwambia majina hayalingani, na yeye akaanza kuhangaika na wakili na kiapo ili kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye.

Kwa macho yetu alama hizo zinafanana. Kwa kompyuta kila moja ni kitu tofauti. Na kuna sababu nyingine ya kiufundi: katika lugha inayotumika sana kuzungumza na hifadhidata, ritifaa ndiyo inayoonyesha maandishi yanapoanzia na yanapoishia. Programu iliyoandikwa bila uangalifu ikikutana na Ng'wandu, inadhani jina limeishia kwenye g. Hapo inagoma, au inalikata jina. Dawa yake inajulikana kwa kila mtaalamu anayeijua kazi yake, na haihitaji kumlazimisha mtu abadili jina la babu yake.

Kwa hiyo nawaomba wazazi: mnapomwandikisha mtoto kwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, angalieni ritifaa kwenye cheti kabla hamjaondoka dirishani, kisha hakikisheni shule inanakili vilevile, herufi kwa herufi. Nawaomba wachapaji wenzangu: tumieni kitufe sahihi, kile kilicho jirani na kitufe kikubwa cha kuingiza, na msikubali kuchapa jina la mtu kabla hajalisoma mwenyewe kwenye skrini. Na nawaomba vijana wetu wanaounda mifumo ya maombi ya vyuo, kazi na mikopo: kabla hamjaiwasha, ijaribuni kwa jina la Ng'hong'onha. Ikikubali, mmefanya kazi. Ikikataa, rekebisheni mfumo, jina mliache.